Saba Kati ya Kumi

3 Februari

Mdogo wangu Kasuku,

Salamu zako nilizipata, na Mama alizipata mara mbili kwa sababu alitaka nimsomee tena ile sehemu ya mtoto kuficha kiatu chako. Goti linamsumbua lakini ulimi ni mzima. Anasema barua si mwana, uje mwenyewe.

Umeniuliza kazi inaendeleaje. Inanitia kinyaa, ndivyo inavyoendelea. Majokofu ya benki ya damu ya hospitali yetu yamechoka. Moja linavuja maji chini kutwa nzima, jingine fundi amelifunga mlango kwa mpira wa baiskeli, na kila asubuhi mama wa maabara analigusa ubavuni kwanza kama mtu anayempima mgonjwa homa. Bodi imekubali tununue mapya. Mimi ndiye afisa ununuzi, kwa hiyo kila kampuni inayouza kitu chenye baridi imeelekezwa mlango wangu.

Mezani hapa nina vipeperushi vya kutosha kuwashia tanuri. Vyote baba mmoja mama mmoja. Jaladani kuna daktari mwenye meno meupe anaichekelea kompyuta. Nimefanya kazi hospitali tangu hujaota ndevu, sijaona daktari anayeichekelea kompyuta. Ndani wanasema wana "suluhisho bunifu linalomweka mteja katikati". Katikati ya nini, hawasemi. Nimesoma kurasa baada ya kurasa natafuta jambo moja tu: umeme ukikatika, jokofu linashika baridi kwa muda gani, na kengele yake inamlilia nani? Hakuna. Kuna maono, kuna dhamira, kuna maisha ya mwanzilishi tangu utoto wake, kuna picha ya wafanyakazi wanapanda miti.

Nikapiga simu kwa kampuni mojawapo. Kijana akaniambia, "Mama, ngoja kwanza tukutumie kitabu chetu cha bure." Kikaja. Kinaniuliza kama nimewahi kutafakari umuhimu wa baridi.

Wewe si ndiye unayeandika mambo haya siku hizi? Hebu nieleze, mtu anayekaa kitako akaandika haya anakuwa amekula nini? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hivi vyangu havijitembezi tu, vinagonga mlango, vinaingia, vinakaa.

Msalimie wifi yangu. Wanao waambie shangazi yao hajawasahau.

Dada yako

*

9 Februari

Dada,

Anayeandika hayo hula kama watu wengine, ila chakula hakimshuki. Nimecheka barua yako mpaka mkeo, maana ndivyo unavyomwita wifi yako ukimtania, akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu lile la "suluhisho bunifu" nimeliandika mwenyewe, mwezi uliopita, mara nyingi, kwa kampuni ya mashine za kuchanganya zege.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe ili utukane ukiwa na habari kamili. Ofisi yetu haimuuzii mtu sabuni ya kuogea. Wateja wetu ni kampuni zinazouzia kampuni nyingine: mabomba, boila, dawa za kusafishia sakafu za viwanda. Wanatulipa tuwatengenezee maudhui, yaani makala, barua, vitabu vya bure, shuhuda za wateja. Tunakaa katika chumba cha vioo kinachoitwa Chumba cha Fikra. Kina zulia linalonuka soksi, maana mkuu wetu anaamini mtu hufikiri vizuri akivua viatu. Tunamwita Injini, kwa kuwa hazimiki na anatoa moshi.

Ukutani tumebandika wanunuzi wa mfano. Ni watu wa kubuni, kila mmoja na picha yake, umri wake na anachopenda, ili tukiandika tujue tunamwandikia nani. Mmoja anapenda gofu. Mwingine "anathamini ubora". Wamekaa pale wanatutazama kama maiti waliopakwa poda. Jana Injini alisimama mbele yao pekupeku akasema, "Hawa wote ni takataka. Mnunuzi wa kampuni haogopi bei, pesa si zake. Anaogopa kitu kingine. Atakayeniletea hofu ya kweli ya mnunuzi wa kweli, huyo ndiye atakayeshika mkakati mpya."

Kwa mara ya kwanza nikamwona ana akili. Kwa hiyo nakuuliza wewe, ambaye ndiye mnunuzi pekee ninayemjua mwenye damu mwilini. Mnaogopa nini? Si la kwenye semina. La kweli. Mficha uchi hazai, Dada. Nataka tu nielewe ninamwandikia nani, nisiendelee kuwaandikia maiti.

Mdogo wako Kasuku

*

20 Februari

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaiacha. Injini wenu kasema kweli, bei haituogopeshi. Bei ina kamati. Anayeogopesha ni yule atakayekuja baadaye kuuliza, "Hiki alisaini nani?" Jengo zima litanyoosha kidole upande mmoja.

Kitu kikifanya kazi, hakuna anayekumbuka nani alikinunua. Umeshasikia daktari amesema, "Leo jokofu limefanya kazi, tumshukuru mama wa ununuzi"? Lakini likiharibika, mimi ndiye nitakayemtazama yule mgonjwa aliyekuwa anaingojea ile damu. Sikuliunda jokofu, sikulifunga, ila jina ni langu.

Hapa ofisini wananiita Chuma. Wauzaji wananiogopa, na mganga mkuu hunitanguliza kwenye mazungumzo magumu kama mtu anayemfungulia mbwa mlango. Sasa nikwambie la Chuma. Kila nikitaka kutia sahihi mkataba mkubwa, nakwenda kwanza msalani. Nafungua bomba mpaka mwisho ili wenzangu wasisikie, halafu natapika. Si siku ninazoumwa tu. Kila mkataba. Naosha uso, napaka mafuta ya midomo, narudi, nasaini kwa mkono uliotulia. Nikitoka kazini naketi garini kwenye maegesho bila kuwasha redio wala injini, mpaka mlinzi aje aulize kama gari limegoma.

Nakala za mikataba yote ninazo nyumbani, chini ya nguo kabatini. Mama anadhani ni barua za mchumba. Mwache adhani.

Hakuna ninayemjua mwenye tatizo hili. Wenzangu wa hospitali nyingine nikiwatazama wanasaini huku wanatafuna karanga. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi, kwamba najichukia kwa kitu nisichoweza hata kukisema. Nimekwambia wewe kwa sababu ni wewe. Usimwambie mtu, hata wifi.

Dada yako

*

2 Machi

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako polepole. Asante kwa kuniamini. Sina la kukushauri, ila ukienda kwa daktari wa kweli hutapungukiwa kitu. Unafanya kazi katikati yao.

Huku mambo yamebadilika kidogo. Mkakati mpya umepita na nimepewa niusimamie. Injini alinipiga mgongoni mbele ya watu wote, mkono umejaa jasho, nikahisi nimebandikwa stempu. Ni kazi ya mteja mmoja wa viwandani, sitakuchosha nayo. Wale maiti wa ukutani wametolewa.

Wanangu wanauliza shangazi atawaletea nini.

Kasuku

*

31 Machi

Kwako Afisa Ununuzi,

Barua hii haitasifu jokofu. Tunataka kuzungumza juu yako.

Jina lako liko kwenye kila kitu kinachoharibika, wala haliko kwenye kitu chochote kinachofanya kazi. Kabla ya kutia sahihi unakwenda msalani. Unafungua bomba mpaka mwisho ili wenzako wasisikie. Kisha unaosha uso, unarudi, na unasaini kwa mkono uliotulia. Jioni unakaa garini kabla ya kwenda nyumbani, na hujui unangoja nini.

Hauko peke yako. Tuliwauliza maafisa ununuzi wenzako, na saba kati ya kumi walikiri jambo hilohilo. Saba kati ya kumi. Kila mmoja alidhani ni yeye tu.

Ndiyo maana majokofu yetu ya damu yameundwa kwa ajili ya anayesaini. Hospitali moja iliyotuamini imepunguza upotevu wa damu kwa nusu katika mwaka mmoja. Tuko tayari kuzungumza nawe wakati wowote utakapokuwa tayari, bila haraka.

Wako katika kazi,
Meneja wa Mahusiano na Wateja
Kampuni ya Majokofu

*

6 Aprili

Mdogo wangu Kasuku,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Nimepata barua ya kampuni ya majokofu, nakuambatanishia hapa uisome. Nilipofika pale kwenye bomba, niliirudia mara ya pili. Nikakuwaza wewe moja kwa moja, na nikakuwazia vibaya, mdogo wangu, vibaya sana. Nilikwisha kunyanyua simu nikutukane. Kisha nikasoma mstari wa chini: saba kati ya kumi. Nikaiweka simu nikaanza kulia palepale mezani, Chuma mzima, karani akatoka nje kwa adabu.

Kumbe ni ugonjwa wa kazi. Kumbe wale watafuna karanga nao wana mabomba yao. Miaka yote hii najiona mtu mwenye kasoro iliyojificha, kumbe tuko ukoo mzima. Nisamehe kwa dakika ile moja niliyokutilia shaka. Nimeona haya, na nimeona bora nikuambie kuliko kuikalia.

Sasa sikiliza. Hii ndiyo kampuni ya kwanza iliyoniandikia kana kwamba mimi ni mtu. Mtu anayejua ninachokiogopa hivi, hata jokofu lake atakuwa amelijenga kwa kukiogopa. Nimewaita, wamekuja, wana adabu, hawachekelei kompyuta. Nimewaweka juu kwenye mapendekezo yangu. Na mkutano wa maafisa ununuzi wa hospitali zote uko tarehe kumi na tisa. Nitasimama niliseme jambo hili. Saba kati ya kumi wa ukumbi ule watapumua.

Nalala kama mtoto siku hizi. Mama ameshangaa.

Dada yako

*

8 Aprili

Dada,

Nimefurahi kwamba unalala. Kuhusu ile kampuni, mimi ningekwenda taratibu. Barua nzuri si jokofu zuri. Sisi wa kazi hii tunajua namna ya kuandika, na takwimu nyingine hupikwa. Sisemi hii imepikwa. Nasema tu usiziamini takwimu.

Na kwenye mkutano, sioni haja ya kusimama. Watu wana midomo. Ulilinyamazia jambo hili miaka yote, linyamazie kidogo tena. Nunua kwa wengine, hata wenye vipeperushi vibaya.

Huna la kuniomba msamaha. Tafadhali usiniombe msamaha.

Kasuku

*

15 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imenikera, nami si mtu wa kumeza. Umeniambia nisiziamini takwimu lakini sababu hukutoa. Ukaniambia ninunue kwa wenye vipeperushi vibaya, vilevile ulivyovicheka pamoja nami. Ukaniambia ninyamaze. Miaka yote hujawahi kuniambia ninyamaze, hata ulipokuwa na haki.

Nimefikiri sana, nikaona ni wivu wa kazi. Barua hiyo hukuiandika wewe, imeandikwa na mwenzako aliyekuzidi, sasa inakuuma. Si kosa, mdogo wangu, fundi kumwonea fundi wivu ni jambo la kawaida. Lakini usiniharibie kitu kizuri nilichokipata kwa sababu hakina jina lako.

Nasaini mwisho wa mwezi. Jumamosi nitasimama. Shati la bluu nimeshalipeleka kwa fundi akalibane kiunoni.

Dada yako

*

17 Aprili

Kasuku,

Nimeona umeomba faili la ile hospitali ya ushuhuda. Faili la nini? Ushuhuda umepita, mteja amefurahi, simu zake haziachi kulia.

Lakini kwa kuwa umeomba, hilo hapo. Ndiyo, kengele haikulia umeme ulipokatika. Ndiyo, wameandika barua kali, na kampuni haijawajibu mpaka leo. Mwaka juzi walimwaga damu ya majokofu mawili, mwaka jana ya jokofu moja. Hiyo ni nusu, na ndivyo tulivyoandika. Malalamiko ni malighafi, mwandishi mzuri hatupi kitu. Ukianza kuona kinyaa, ujue umechoka, chukua likizo.

Baada ya likizo turudi kwenye dhahabu yetu. Yule mtu wako unayemjua, aliyekupa la bomba, hana mengine? Mwulize ya nyumbani. Mume, watoto, usingizi. Watu wa namna hiyo ukiwapa sikio wanamimina. Mteja anataka barua tatu zaidi.

Vua viatu, fikiri.

Injini

*

18 Aprili

Dada,

Nimekupigia simu tangu asubuhi hupokei. Barua hii nampa dereva wa basi la usiku, isome kabla ya mkutano wa kesho. Ukiisoma usiendelee na shughuli nyingine mpaka ufike mwisho.

Barua ya majokofu niliiandika mimi. Nilichukua barua yako ya Februari nikaigeuza maneno machache, na mengine sikuyageuza, maana uliyasema vizuri kuliko nitakavyoweza. Nilimwambia Injini ni "mtu ninayemjua". Akaniuliza wako wangapi wa aina hiyo. Nikasema wengi. Akasema, toa namba, wanunuzi wanapenda namba. Nikasema saba kati ya kumi. Ilinitoka mdomoni kama chafya.

Hakuna saba. Hakuna kumi. Hatukumwuliza mtu yeyote. Ni wewe peke yako, Dada.

Nilijua kampuni inauza majokofu. Nilijua unatafuta majokofu. Nilijiambia hospitali ni nyingi, barua haitakufikia wewe, sikutaka kuangalia orodha ya watakaotumiwa, kwa sababu ningeangalia ningeacha. Ulipoandika kuniomba msamaha, nilikwenda nikakaa bafuni kwangu, na hata huko sikupata ujasiri wa kukujibu ukweli. Nikakwambia nyamaza. Ukadhani wivu, nami nikakuacha udhani, maana wivu ulikuwa aibu ndogo kuliko hii.

Majokofu yao ni mabaya. Ile hospitali iliyopunguza upotevu kwa nusu ilimwaga damu miaka miwili mfululizo kwa sababu kengele haikulia, na walipolalamika hawakujibiwa. Nimeliona faili leo. Nakuambatanishia hapa, hata kama watanifukuza. Usisaini. Nichukie, lakini usisaini, na kesho usisimame.

Mdogo wako

*

27 Aprili

Kasuku,

Barua yako ya tarehe kumi na nane niliisoma tarehe kumi na tisa jioni, nikiwa bado nimevaa shati la bluu. Simu zako niliziona. Nilijisemea, Kasuku anataka kunizuia, nitampigia nikishamaliza, nimweleze ilivyokuwa nzuri.

Nikwambie ilivyokuwa, kwa kuwa ni kazi ya mkono wako na mwandishi hupenda kujua imepokelewaje. Walikuwa watu wazima, wenye tai, na chupa za maji mbele yao. Ilipofika zamu ya mengineyo nilisimama. Nikasema kuna utafiti unaosema saba kati ya kumi wetu hutapika kabla ya kusaini, na kwamba mimi ni mmoja wa hao saba. Nikaeleza mpaka la bomba. Halafu nikasema, "Wenzangu, tusifichane. Nani mwingine?" Na mimi mwenyewe nikainua mkono, ili wasione haya.

Niliushika juu muda mrefu. Yule wa hospitali ya mjini aliinamia simu yake. Mama mmoja niliyesoma naye alinitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtu aliyefunguka vifungo hadharani hajui. Mwenyekiti akakohoa akasema, "Tumshukuru dada yetu kwa kutuchangamsha, tuendelee." Wakacheka kidogo, kwa nafuu. Nikaketi.

Wakati wa chai mganga mkuu wangu alinivuta pembeni. Akaniambia kwa sauti ya wodini, "Umefanya kazi nyingi. Unaonaje mkataba wa majokofu tukampa mwenzako asaini?" Mtu aliyekuwa akinitanguliza kwa wauzaji sasa ananishika kiwiko kama nitaanguka.

Nilimwambia nitasaini mwenyewe. Na nimesaini. Si kwa hao wako. Niliipigia simu ile hospitali ya kwenye faili nikazungumza na mtu wa maabara yao, akanisimulia mengi, baadhi yake alishindwa kuyamaliza. Kisha nikaenda kwa kampuni moja ambayo kipeperushi chake kimechapishwa kichwa chini. Nikamwambia fundi wao achomoe waya ukutani mbele yangu. Akachomoa. Nikakaa na jokofu hilo kutwa, mpaka kengele ilipolia. Nikanunua. Kabla ya kusaini nilitapika kama kawaida, ila safari hii bomba sikulifungua. Wote wanajua, ningemficha nani?

Kwa hiyo la damu limekwisha salama, na nakushukuru kwa faili. Ulichelewa, lakini ulilituma. Shukrani yangu ni hiyo, ishike, maana sina nyingine.

Sasa la pili. Umeandika nikuchukie. Sikuchukii. Nikikufikiria napata kichefuchefu, ni tofauti. Watu wameshawahi kunisema, wameshaniibia, wameshanisingizia, hilo ni la dunia na kikulacho ki nguoni mwako. Lakini wewe hukuniibia siri tu. Ulinipa watu ambao hawapo. Zile wiki mbili niliamini tuko wengi, Kasuku. Nilikuwa nikiketi garini jioni nawawaza wenzangu wote, kila mmoja kwenye maegesho yake, nikawaonea huruma, nikawapenda. Nilikuwa nawasha injini mapema niende nyumbani. Kisha nikaja kugundua nilikuwa nawapenda watu uliowatoa mdomoni kama chafya.

Mama hajui kitu wala hatajua. Nitaendelea kukuandikia kwa sababu yeye ataniuliza kama nimekuandikia, nami simwongopei Mama.

Dada yako

*

10 Mei

Dada yangu mpendwa,

Nimeacha kazi. Sikufukuzwa, niliacha, ingawa walikuwa wameanza kunitafutia mlango baada ya kujua faili limetoka. Niliingia Chumba cha Fikra na viatu vyangu nikamwambia Injini yote, na kwamba huyo "mtu ninayemjua" ni dada yangu wa tumbo moja. Unajua alinijibu nini? "Hilo la dada ndilo lingekuwa ushuhuda mzuri zaidi." Akachukua kalamu aliandike. Nilitoka nikatema mate ngazini kama mlevi.

Sikuandikii haya ili unisifu. Nimepata kazi ndogo, naandika maelekezo ya namna ya kufunga pampu za maji. Skrubu hii hapa, mpira ule pale. Hakuna anayelia akisoma.

Dada, nataka kujua habari zako, za kweli. Yale majokofu yalifika? Mganga mkuu amerudi kukuamini au bado anakushika kiwiko? Wenzako wa mkutano wamekwambia neno? Unalala? Ukitoka kazini bado unaketi garini? Nitukane ukitaka, kurasa kumi, nitazisoma zote. Niandikie kama ulivyokuwa ukiniandikia, hata kama ni kwa matusi. Wifi yako anauliza kwa nini nasubiri barua kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, nami nimemwambia kila kitu nilichokifanya, ila ulichoniambia wewe sijamwambia.

Nisamehe. Najua neno lenyewe limechakaa mikononi mwangu. Sina jingine.

Mdogo wako daima

*

2 Juni

Mdogo wangu,

Tumepata barua yako na tumefurahi kusikia umepata kazi. Sisi huku sote wazima. Kazini kwema. Hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo lakini si mbaya.

Mama anakusalimu sana.

Dada yako